Watoto wa Lubunga Hawaachi Kula

Wadogo zangu mnaoshika saa za mashindano sasa, mmenisumbua vya kutosha: Mama, tuambie kazi hii inafanywaje. Haya, nimestaafu, ninakaa kwangu huku Simi-Simi, na hakuna kocha wa kunipigia kelele nikikosea. Nitasema. Vyeo msiniulize. Cheo nilichopata ni kile watoto walichonipa wenyewe, Mama Arbitre, yaani Mama Mwamuzi, na mpaka leo nikienda sokoni kununua pondu, kisamvu chetu, baba mzima mwenye ndevu ananiita hivyo na kunyoosha mgongo kama bado yuko mezani.

Kazi iliyonilisha ilikuwa ualimu wa shule ya msingi. Eshek, hiyo sataranji yetu, niliipata kwa Tonton Ramazani, seremala wa komini ya Kisangani aliyechonga vipande vya kwanza vya ligi yetu ya vijana. Mzee yule alikuwa na ulimi! Farasi wake walikuwa na masikio marefu kama sungura, na ukicheka anakuambia nenda kachonge wa kwako. Yule Wafaransa wanayemwita fou, anayekimbia kombo ubaoni, yeye alimwita kichaa, na sisi wote tukafuata. Kwa hiyo nikisema kichaa hapa, msifikirie mtu wa barabarani.

Siku yangu ya kwanza Tonton Ramazani alinisimamisha katikati ya meza na kunipa fundisho moja tu.

“Mama, arbitre hana uso,” aliniambia. “Ukicheka, umeambia huyu iko muzuri. Ukikunja, umeambia ule mwingine. Weye simama tu kama mulango.”

Nikasimama kama mlango kutwa nzima. Jioni taya ziliniuma kuliko miguu. Mume wangu akaniuliza nimegombana na nani.

Vyombo vyetu havikuwa vingi. Tulikuwa na saa za mbao, zile zenye nyuso mbili katika sanduku moja, unabonyeza yako inalala na ya mwenzako inaamka. Moja ilikuwa mgonjwa: upande wa kushoto ulienda polepole, na watoto walijua, wakawa wanawahi kukaa upande huo kama watu wanaogombea kivuli. Niliisukumia meza ya mwisho, nikaamuru kila mchezo pande zibadilishwe. Siku hizi mna saa za betri. Mzitunze, na betri mzitoe mkimaliza, maana jasho la betri linaua saa kuliko mtoto mwenye hasira.

Tena kuna mvua. Ikipiga bati la salle, ukumbi wetu, hamsikii kitu. Niliwahi kuona watoto wawili, wafalme wao wote wako kwenye hatari, kila mmoja amekwisha kusema “eshek” ya kumwonya mwenzake, na hakuna aliyemsikia mwenzake, na wanaendelea kucheza kwa raha zao. Simamisha saa, rudisha ubao nyuma mpaka pale kosa lilipoanzia, na usicheke. Mimi hapo nilishindwa, nikaenda kucheka nyuma ya mlango.

Na jambo la mto, hili lishikeni. Usibonyeze saa kabla pirogue, ule mtumbwi wa Lubunga, haijafika. Makocha wa mjini watakusomea sheria: mtoto aliyechelewa saa yake inatembea. Sawa, lakini mtoto wa Lubunga anavuka mto Kongo na ubao wake kichwani, na mto hausomi sheria. Mimi niliwaambia: anayetaka saa ianze, aende ng'ambo akapige kasia mwenyewe. Hakuna aliyeenda.

Sasa niwaambie kuhusu hao watoto wa Lubunga, maana ndipo habari yangu ilipo.

Kule ng'ambo, kabla ya kujua eshek, mtoto anajua dama. Anacheza kwa vizibo vya chupa, hivi vimeangalia juu, vile vimeangalia chini, juu ya ubao uliochorwa kwa mkaa. Katika dama, kula ni lazima. Kipande cha adui kikikaa wazi mbele yako, unakula, upende usipende, na usipokula mwenzako anakipuliza kipande chako kama vumbi na kukiondoa. Mtoto anakua na sheria hiyo mkononi. Halafu unamketisha kwenye eshek, mahali ambapo kula ni hiari, na mkono wake haujui habari hiyo. Ukimwekea pioni, kile kipande kidogo cha mbele, anakula. Ukimwekea nyingine, anakula tena. Mfalme wake amebaki uchi katikati ya ubao, yeye bado anatafuna!

Makocha wote wa mjini walilijua hilo. Walifundisha watoto wao: ukipangiwa na wa Lubunga, mpe chakula mwanzoni tu, atakula mpaka afe. “Watoto wa Lubunga hawaachi kula,” walisema, na salle nzima ilicheka. Mimi nilikuwa mlango, sikucheka, lakini moyoni nilichukia kabisa.

Nadège alikuwa mmoja wao. Msichana mwembamba, macho makubwa, mwenye tabia ya kukalia mikono yake akifikiri. Baba yake, Papa Lifoko, ni mwenye pirogue; familia yao ilitoka Yanonge. Mwaka wa kabla ya ule ninaotaka kuusema, Nadège alikutana na Dieumerci, kijana mtanashati wa mjini, aliyefundishwa na Maître Fidèle, kocha mzuri sana na mwenye sauti kubwa kupita salle yetu. Dieumerci akampa pioni mbili za mwanzo. Nadège akazila. Alipoinua kichwa, mfalme wake alikuwa amekwisha. Watu wakasema tena lile neno lao. Yeye akampa Dieumerci mkono, akachukua ubao wake, akashuka mtoni bila kumwangalia mtu.

Basi yakaja mashindano yangu ya mwisho. Nilikuwa nimekwisha kusema kwamba nikimaliza hayo nakwenda kupumzika. Nafasi ya kwenda Kinshasa kwenye mashindano ya vijana wa nchi nzima ilikuwa moja tu kwa kundi la rika la Nadège. Na mzunguko wa mwisho ulipofika, mbele walikuwa wawili, sawa kwa sawa: Dieumerci na Nadège. Anayeshinda anapanda ndege. Yaani Mungu naye anapenda mchezo!

Asubuhi hiyo Papa Lifoko alileta watoto, akafunga pirogue yake bichi, kule kwenye maegesho, akapanda nao mpaka mlangoni kwetu. Mwaka mzima alikuwa hajafanya hivyo. Akanivuta pembeni.

“Mama Arbitre, leo njo mwisho,” aliniambia.

“Mwisho wa nini, Papa Lifoko?”

“Dada yangu wa Yanonge iko peke yake na samaki, anatafuta mutu wa kumusaidia pale sokoni. Niliambia Nadège: ukipata hii Kinshasa, bon, nitaona kama eshek ni kitu, utabakia na masomo yako. Ukipoteza, kesho unateremuka Yanonge kwa shangazi yako.”

“Na shule?”

“Shule gani tena, Mama? Samaki hapana kungojea shule.”

Nilikasirika mpaka masikio yakawaka moto. “Papa Lifoko, kwa nini unaniambia mimi? Mimi ni mwamuzi! Mambo hayo ungemwambia kocha wake, mama yake, padri, yeyote!”

“Pardon, Mama. Nilitaka tu mutu mukubwa ajue.”

Haya, nikajua. Nikaingia salle na jambo hilo kichwani. Mbele yangu Nadège alikuwa amekwisha kukaa, mikono chini ya mapaja, vipande vyeupe mbele yake. Dieumerci upande wa pili, shati limepigwa pasi, akanisalimu vizuri, maana ni mtoto aliyelelewa. Nikabonyeza saa.

Nawaambia mwanzo wa mchezo huo polepole, kwa sababu ulikuwa mfupi na kila hatua ina maana. Nadège alisukuma pioni ya mfalme hatua mbili. Dieumerci naye vilevile. Nadège akatoa farasi, akiitazama ile pioni ya Dieumerci ya katikati. Dieumerci akailinda kwa kusukuma pioni ya jirani hatua moja. Nadège akatoa kichaa wake kumwangalia mfalme wa mwenzake kwa mbali. Hapo Dieumerci akaruka na kichaa wake mpaka mbele ya farasi wa Nadège, akambana: farasi akiondoka, nyuma yake yuko malkia, na malkia ataliwa. Maître Fidèle akasugua viganja. Nadège akatoa farasi wake wa pili, taratibu. Dieumerci, akiona mambo ni laini, akasukuma pioni moja ndogo ya pembeni ili kumfungulia kichaa wake wa pili njia.

Nadège akatoa mkono chini ya paja. Akashika yule farasi aliyebanwa. Akala pioni ya katikati. Akabonyeza saa.

Salle ikasema “Aaah!” kwa pamoja, kwa huruma. Malkia wake alikuwa amebaki wazi kabisa, kichaa wa Dieumerci anamwangalia ana kwa ana. Nyuma nikasikia mtu anasema, wala hakujificha: “Unaona? Hawaachi kula.”

Mimi nikauangalia ubao. Nikauangalia tena. Na nikaona! Wadogo zangu, damu ilinipanda mpaka kwenye nywele. Msichana hakuwa anakula. Msichana alikuwa analisha! Kule Lubunga, mchezaji mzuri wa dama anakupa kipande, na kwa kuwa lazima ule, unakwenda anapotaka uende, halafu anakufagia ubao mzima. Wanaita kulisha. Miaka yote tuliona watoto hao wanavyokula, hakuna aliyefikiri kwamba wanajua pia kulisha. Nilikaza taya, nikang'ata ulimi, nikawa mlango, mlango wenye moyo unaopiga ngoma.

Dieumerci hakungoja. Mkono wa kulia ukamshika kichaa wake, wa kushoto ukamnyanyua malkia wa Nadège kutoka ubaoni. Yuko naye hewani. Na hapo akaona. Nilimwona anavyoona: macho yalikwenda kwa farasi mmoja, yakaenda kwa kichaa wa Nadège, yakarudi kwa mfalme wake. Rangi ikamwisha usoni. Polepole sana akamrudisha malkia mahali pake, akamrudisha kichaa mahali pake, akasema kwa sauti ndogo, “Nilikuwa natengeneza tu.”

Nikasimamisha saa.

“Mama!” Maître Fidèle alikuwa amesimama tayari. “Hakuachilia kipande! Hakubonyeza saa! Coup bado, hatua haijachezwa!”

“Maître, kaa chini.”

“Mutoto alikuwa anatengeneza vipande vikae sawa! Ni haki yake!”

“Anayetengeneza anasema kwanza, halafu anagusa. Yeye aligusa kwanza. Kipande chake na kipande cha mwenzake, vyote viwili, na kilichoguswa lazima kichezwe.”

“Weye ulikuwa unaangalia? Donc kati ya meza hizi zote, weye ulikuwa unaangalia hii?”

Hapo watoto wa Lubunga waliokuwa wamejazana ukutani wakaanza kuimba kwa kupiga makofi, “Kula ni lazima! Kula ni lazima!” Salle ikageuka soko. Nikapiga meza kwa kiganja mpaka wafalme wakaruka. “Kimya! Anayefungua kinywa anatoka nje!” Wakanyamaza. Nadège alikuwa amekalia mikono yake tena, macho ubaoni.

Mnaona uzito wenyewe. Kama Dieumerci angeruhusiwa kuchagua tena, angemla farasi, angepoteza pioni moja tu, na mchezo ungeendelea hadi mchana, na kijana yule katika mchezo mrefu alikuwa na nguvu kumzidi. Kama lazima amle malkia, amekufa. Kinshasa na Yanonge vilikuwa katika vidole vyake viwili. Nikamgeukia yeye mwenyewe.

“Dieumerci, mwanangu. Uligusa?”

Maître Fidèle akataka kumjibia. Kijana akainua mkono kumzuia kocha wake, na machozi yalikuwa yamekwisha kumjaa.

“Maître, acha. Niligusa, Mama. Nilimushika kabisa, hata nilimubeba.”

Ningependa kumkumbatia pale pale. Wachezaji wakubwa, wenye mvi, niliwaona wakiapa kwa mama zao kwamba hawakugusa kitu nilichokiona kwa macho yangu. Lakini sheria ni sheria, na huruma haina mahali pa kukaa kwenye ubao. Nikanyoosha kidole, nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka madirishani: “Malkia aliguswa. Malkia atoke.” Nikabonyeza saa.

Dieumerci akamla malkia. Nadège, bila kuvuta hata pumzi, akatuma kichaa wake akala pioni iliyokuwa ubavuni mwa mfalme. “Eshek.” Mfalme alikuwa na nafasi moja tu ya kukimbilia, hatua moja mbele. Akaenda. Na yule farasi wa pili, yule aliyetoka taratibu na hakuna aliyemjali, akaruka katikati ya ubao.

“Eshek na mat,” alisema Nadège, yaani mfalme hana tena pa kukimbilia. Halafu kwa sauti ndogo, kama anaogopa nitamkatalia, “Mama, ni mat?”

“Ni mat,” nilisema. Na nikacheka. Mbele ya watu wote, meno yote nje! Kazi yangu yote nilikuwa mlango, siku ile mlango ulifunguka. Watoto wa Lubunga walimnyanyua Nadège juu, mmoja akapindua benchi, Maître Fidèle mwenyewe akashika kichwa na kusema, “Ametulisha! Huyu mutoto ametulisha!” Dieumerci akampa mkono, akauliza kama wanaweza kuurudia ule mwanzo tena, auone vizuri.

Lakini Nadège alikuwa anatazama dirishani.

“Papa iko wapi?” aliniuliza.

Baba yake alikuwa amesimama kwenye dirisha lile tangu asubuhi. Sasa hapakuwa na mtu. Mama mmoja muuza ndizi nje akatuambia ameshuka mtoni, uso umemvimba, anasema peke yake. Nikaelewa mara moja. Yeye eshek haijui. Aliona mkono wa Dieumerci ukimbeba malkia, akasikia mimi, Mama Arbitre, nikiamuru malkia wa mtoto wake atoke. Kwake mambo yalikwisha hapo.

Tukakimbia. Wadogo zangu, mimi! Kitenge nimekikunja mpaka magotini, viatu mkononi, Nadège mbele, kundi zima la Lubunga nyuma, watu wa toleka wanasimamisha baiskeli kutazama mwalimu mzee amepatwa na nini. Tulifika bichi Papa Lifoko amekwisha kufungua kamba, pirogue imetoka hatua chache, kasia liko majini.

“Papa!” Nadège alipaza sauti. “Papa, rudi! Nilishinda!”

“Usinidanganye!” alijibu bila kugeuka. “Niliona na macho yangu! Malkia yako alikufa! Na weye Mama,” hapo akageuka, ananinyooshea kasia, “weye njo ulisema atoke! Nilikuambia shida yangu asubuhi, na ukanifanyia vile?”

Nilitaka kumweleza. Pumzi ikakataa. Nikainama, mikono magotini, ninahema kama ng'ombe, maneno ya sheria yote yamenijaa kinywani na hakuna hata moja linalotoka. Nadège akaingia majini mpaka kiunoni na gauni lake la Jumapili.

“Papa, hakumukula bure! Nilimulisha!”

Kasia likasimama.

“Ulifanya nini?”

“Nilimulisha malkia. Alikula, na mimi nikafagia.”

Papa Lifoko akaiacha pirogue ielee, anamwangalia binti yake. Nikamwona akihesabu kichwani vizibo vya chupa. Halafu kicheko kikaanza tumboni mwake, kikapanda, akapiga paja, akapiga ubavu wa pirogue, akakaa chini kabla hajaanguka. “Ulimulisha! Ba mama eeh, na malkia muzima! Hata mimi singethubutu!”

Wakati huo huo pirogue kubwa ya injini ilikuwa inatoka, imejaa mizigo na watu wa mto wa chini. Papa Lifoko akasimama tena, akaweka viganja mdomoni, akapaza sauti mpaka injini ikasikia.

“Weeh! Munaenda Yanonge? Mukifika, muambie dada yangu atafute mutu mwingine!”